Nahamia mji nisioujua: nyumba kubwa mbali, au ndogo karibu na kazi? Foleni inanitisha

#1 Mgeni Njiani
Wakuu habari zenu. Nimepata kazi mji mwingine, naanza baada ya wiki tano. Mji wenyewe siujui. Nimefika mara moja tu, siku ya usaili, nikalala hotelini na kesho yake nikaondoka. Nimechuja hadi zimebaki nyumba tatu:

A: vyumba viwili, dakika 12 kwa mguu hadi ofisini. Ndogo, halafu iko juu ya barabara yenye kelele.
B: vyumba vitatu, kilomita 9, ila lazima uvuke daraja. Dalali anasema "dakika 20 tu".
C: nyumba nzima na uwanja wake, kilomita 24, barabara kuu moja hadi mjini. Dalali wa huko anasema "dakika 25, hata hujachoka umefika". Kodi yake iko chini kuliko ya A.

Mke wangu ameipenda C. Mimi foleni na mimi ni maji na mafuta. Ninyi mkichagua pa kukaa mnaipa foleni uzito gani? Na hizi dakika za madalali nizidishe kwa ngapi?

#2 Ngoja Kwanza
Nimekaa pale, wajuzi waje.

#3 Mzee wa Gia
Zidisha mara mbili. Dakika za dalali hupimwa Jumapili asubuhi, barabara tupu, na aliyeshika usukani anawaza kamisheni.

#4 Dada Hesabu
Tuanze na hesabu, mapenzi baadaye. Tuseme C inakula dakika 30 zaidi ya A kila upande. Hiyo ni saa nzima kwa siku. Ukienda kazini siku 220 kwa mwaka, ni saa 220. Yaani siku 20 kamili za maisha yako zinaishia kwenye kiti cha gari, kila mwaka.

#5 Sio Mimi
@Dada Hesabu na jina lako hilo? 220 ukigawa kwa 24 ni siku 9 na ushee. Hizo 20 umezitoa wapi?

#6 Dada Hesabu
Nimekosea, nakubali. Ila hakuna anayefanya kazi saa 24. Gawa kwa siku ya kazi ya saa 8 uone: siku 27 na nusu. Ni zaidi ya mwezi mzima wa kazi, na hakuna anayekulipa. Kumbe nilikuwa nakuonea huruma.

#7 Sio Mimi
Hata ukishindwa unashinda wewe. Naondoka.

#8 Mama Pacha
Mleta mada, kila mtu hapa atakuuliza kilomita ngapi. Mimi nakuuliza ile kilomita ya kwanza ikoje.

Niliwahi kuhamia mtaa mzuri sana wenye lango moja la kutokea. Nyumba zaidi ya mia tatu, zote zinamwagika kwenye kijibarabara kimoja, na hicho kijibarabara kinakutana na barabara kuu pasipo na taa. Kazini kilomita 7. Dakika 18 kutoka mlangoni kwangu hadi kuiona barabara kuu, kisha dakika 14 za safari yenyewe. Asubuhi jirani zangu niliwajua kwa taa zao za nyuma, nyuso nilikuja kuziona mwezi wa tatu.

Siku nilipoenda kuiangalia nyumba ilikuwa saa nane mchana. Kimya, ndege wanaimba. Nikasema pepo ndiyo hii.

#9 Mzee wa Gia
Naongezea kwa Mama Pacha. Angalia pia asubuhi utakuwa unaingia barabara kuu upande gani. Kama unaungana tu na wanaoenda mjini, sawa. Kama lazima ukate katikati ya magari yanayokuja ndipo ushike upande wako, na hakuna taa, hapo utazeeka. Nyumba mbili zinazotazamana, moja huku na nyingine ng'ambo ya barabara, asubuhi zinaweza kupishana dakika 10.

#10 Tabaka la Lami
Nipo kwenye fani ya barabara, niseme kuhusu daraja la B maana ndilo linalonitia wasiwasi kuliko urefu wa C.

Leni moja ya barabara nzuri hupitisha kama magari 2,000 kwa saa. Tuseme daraja lina leni mbili kuelekea mjini, kwa hiyo linameza 4,000. Kuanzia saa moja asubuhi yakija 4,000, hakuna neno. Yakija 4,400, yaani asilimia 10 tu zaidi, kila saa yanabaki 400. Anayefika darajani saa mbili anakuta magari 400 mbele yake, atasubiri dakika 6. Hali ikiendelea hivyo, wa saa tatu anakuta 800, dakika 12. Unaona? Aliyetangulia kwa saa mbili hakusubiri hata kidogo, na daraja ni lile lile.

Sasa gari moja liharibike juu ya daraja na kuziba leni moja kwa nusu saa. Katika nusu saa hiyo yanakuja 2,200, yanapita 1,000. Yamebaki 1,200. Gari likishavutwa, hao 1,200 wanahitaji dakika 18 kumalizika, na bado hujahesabu foleni ya kawaida iliyokuwapo. Barabara yenye njia tatu za kukwepa hiyo ajali ungeisikia redioni tu. Kwenye daraja lazima uionje.

Kwa hiyo swali la B ni moja: kuna daraja la pili?

#11 Mgeni Njiani
Ahsante sana mkuu. Kwenye ramani naona la pili liko kilomita 11 juu ya mto.

#12 Tabaka la Lami
Basi chukulia halipo.

#13 Kona Kali
Mnamzungusha mtu. Foleni inasababishwa na madereva wabovu, basi. Mtu anaona simu, anakanyaga breki bila sababu, nyuma yake kilomita nzima inasimama. Kila mtu angeendesha kama mimi, mngefika wote kwa wakati.

#14 Mzee wa Gia
Kila mtu angeendesha kama wewe tungefika wote hospitali.

#15 Tabaka la Lami
@Kona Kali una nusu ya ukweli. Mwaka 2008 watafiti wa Japani, Sugiyama na wenzake, walichapisha jaribio: magari 22 kwenye duara la mita 230, madereva wakaambiwa wafuatane kwa mwendo wa kama kilomita 30 kwa saa. Hakuna taa, hakuna shimo, hakuna ajali. Baada ya muda foleni ikazaliwa yenyewe, ikawa inarudi nyuma kama wimbi la kilomita 20 kwa saa hivi. Ila angalia vizuri, hawakuwa madereva wabovu. Walikuwa watu wa kawaida, tatizo ni kwamba walikuwa wengi kwenye nafasi ile. Mtu mmoja anapunguza kidogo, wa nyuma anapunguza zaidi kidogo, hadi wa kumi anasimama kabisa.

#16 Kona Kali
Kwa hiyo nimeshinda nusu. Inatosha.

#17 Mgeni Njiani
Nimesahau kuwaambia, dalali wa C anasema barabara kuu ya huko inapanuliwa, itakuwa leni nne kila upande. Hiyo si inabadilisha kila kitu?

#18 Bi Kiraka
Inabadilisha kwa miaka miwili mitatu. Kasome habari ya Katy Freeway, Houston, Marekani. Walipanua hadi leni 26, wakamaliza 2008. Miaka michache baadaye saa za msongamano watu walikuwa wanakaa njiani muda mrefu kuliko barabara ilipokuwa bado mpya. Barabara ikiwa nyeupe, kila aliyekuwa anaogopa kukaa mbali anahamia mbali. Mwenye viwanja naye anajenga. Wewe unaenda C kwa sababu ya leni mpya, na wenzako elfu kumi wanawaza hivyo hivyo dakika hii.

#19 Sio Mimi
Leni 26? Hapo kuna chumvi.

#20 Tabaka la Lami
Chumvi kidogo. Ni sehemu iliyo pana kuliko zote, na unazipata 26 ukijumlisha pande zote mbili, leni za kulipia katikati na zile barabara za pembeni za kuhudumia maduka na makazi. Ila hoja ya Bi Kiraka inasimama. Mchumi Anthony Downs aliisema tangu 1962: barabara kuu ya mjini, saa za msongamano, hujaa hadi ifikie uwezo wake. Mwaka 2011 Duranton na Turner wakaja na takwimu za miji ya Marekani: ongeza leni kwa asilimia fulani, na kilomita zinazoendeshwa zinaongezeka karibu kwa kiwango hicho hicho.

#21 Baba Trela
Wataalamu mnasema nusu nusu. Nimeendesha lori miaka mingi. Barabara ikipanuliwa foleni inarudi, kweli, lakini waliopita wameongezeka. Watu zaidi wamefika kazini, mizigo zaidi imefika. Mnazungumza kama vile lami ile imemwagwa baharini.

#22 Tabaka la Lami
Mkuu hapo sikupingi. Ila Mgeni hajauliza jiji zima litapata nini. Ameuliza yeye atafika saa ngapi.

#23 Mshika Bomba
Naona wote humu mna magari. Sisi tunaosimama kwenye basi tushike bomba tu tusiseme?

Mgeni, uliza kama C ina reli au basi lenye njia yake. Na usiulize "linapita kila baada ya dakika ngapi", uliza linapita kwa mpangilio au kwa bahati. Kituo changu kinaandikwa basi kila dakika 10. Ni kweli kwa wastani. Moja linakuja baada ya dakika 5, linalofuata baada ya 15. Ukidhani utasubiri dakika 5 kwa wastani, umejidanganya, maana una nafasi kubwa zaidi ya kufika ndani ya lile pengo refu.

#24 Dada Hesabu
Nimepiga hesabu ya Mshika Bomba: inatoka dakika 6 na robo badala ya 5. Na safari hii nimehakiki kabla Sio Mimi hajaamka.

#25 Sio Mimi
Niko macho. Iko sawa. Endelea.

#26 Dada Hesabu
Naendelea basi, maana ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo. Wastani ni mtego. Njia ya kwanza inakuchukua dakika 33 hadi 37 kila siku. Ya pili mara nyingi ni 25, siku nyingine 30, siku moja kwa mwezi 75. Wastani wa ya pili unaweza kuwa mdogo, dalali akausifia. Lakini kama kazini ni lazima saa mbili kamili uwe mezani, njia ya pili ndiyo ndefu, kwa sababu utalazimika kuondoka mapema KILA siku kwa hofu ya ile siku moja. Katika siku 20 za kazi, bosi ataikumbuka ile mbaya. Ukipima, andika ile mbaya.

#27 Mama Pacha
Na mtoto shuleni naye anaikumbuka ile mbaya. Amekaa getini na mlinzi hadi giza linaingia.

#28 Bi Kiraka
Mimi bado nashangaa hatujamuuliza swali la kwanza kabisa. @Mgeni Njiani, mkeo atafanya kazi wapi?

#29 Mgeni Njiani
Hapo ndipo penye utata. Anaacha kazi huku, ataanza kutafuta tukifika. Hatujui itakuwa upande gani.

#30 Bi Kiraka
Basi A yako ya dakika 12 kwa mguu ni karibu na kazi YAKO tu. Akipata kazi upande wa pili wa mji wewe utakuwa unaamka saa moja na nusu unapiga mswaki taratibu, yeye ameshaondoka saa kumi na moja na nusu na gari. Nimeyaona hayo, na hayakuishia kwenye foleni.

#31 Kunguru Mweupe
Sisi tulichagua katikati. Kazi yangu mashariki, ya mume wangu magharibi, tukachora mstari, tukapanga nyumba kwenye nukta ya kati tukajiona wajanja. Tatizo: nukta ya kati ni katikati ya mji. Foleni zote zinakutania hapo. Tulikuwa sawa kwa kilomita na sote wawili tulikuwa tunateseka. Baadaye tulihama karibu na kazi yake, mimi nikawa naenda safari ndefu lakini asubuhi natoka mjini wakati wenzangu wanaingia. Kilomita ziliongezeka, dakika zikapungua. Kwa hiyo angalia mwelekeo. Kinyume cha kundi ni dhahabu.

#32 Baba Trela
Kinyume cha kundi, halafu na jua. Kaa magharibi ya kazi, asubuhi jua linakuwa mgongoni na jioni mgongoni.

#33 Sio Mimi
Baba Trela rudia. Ukikaa magharibi ya kazi, asubuhi unaelekea mashariki. Jua linachomoza wapi?

#34 Baba Trela
Duh. Mashariki ya kazi. Kaa MASHARIKI. Asubuhi unaenda magharibi, jua nyuma. Jioni unarudi mashariki, jua nyuma. Nilikuwa natazama kioo wakati naandika.

#35 Mgeni Njiani
C iko magharibi ya ofisi.

#36 Baba Trela
Pole. Nunua miwani.

#37 Mtu wa Ghorofani
Wakuu mnapima dakika kama vile zote zina ladha moja. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwauliza wanawake 909 wenye ajira huko Texas wasimulie siku ya jana kipande kwa kipande na walivyojisikia. Safari ya asubuhi kwenda kazini ikawa ya mwisho kabisa, chini hata ya kazi yenyewe. Wachumi Frey na Stutzer nao walitazama takwimu za Ujerumani wakategemea kwamba anayesafiri mbali atakuwa amefidiwa, ama na nyumba nzuri ama na mshahara. Wakakuta wenye safari ndefu hawajaridhika na maisha kama wenzao. Uwanja wa C utauzoea mwezi wa pili. Foleni huizoei, kila siku inakuja na vituko vyake.

#38 Mama Pacha
Hao wanawake 909 hawana mapacha. Dakika zangu 32 za gari ndizo pekee kwa siku ambazo hakuna anayeniita. Nikifika getini nyumbani huwa nakaa dakika tano zaidi injini imezimwa. Usiniondolee foleni yangu yote, nipunguzie tu.

#39 Mtu wa Ghorofani
Nimecheka. Lakini umesema hukuipenda ile ya lango moja.

#40 Mama Pacha
Niliondoka pale. Dakika 32 za kutembea ni tofauti na 18 za kusimama na 14 za kutembea. Jumla ni ile ile, roho si ile ile.

#41 Msomaji Kimya
Leo nimejiunga kwa ajili ya uzi huu. Kuna Cesare Marchetti, Mwitalia, aliandika 1994 kwamba watu tangu zamani hutumia kama saa moja kwenda na saa moja kurudi, iwe kwa mguu au kwa treni. Mwendo ukiongezeka, mji unapanuka tu.

#42 Mtu wa Ghorofani
Karibu. Ila ni saa moja kwa JUMLA ya siku, kwenda na kurudi, siyo kila upande. Na mwenyewe aliegemea kazi za Zahavi, mtafiti wa usafiri aliyemtangulia.

#43 Msomaji Kimya
Mimi natumia saa moja na nusu kila upande. Kwa hiyo nimevunja sheria ya binadamu. Narudi kuwa kimya.

#44 Kona Kali
Suluhisho la haya yote ni kulipisha watu wanaoingia mjini. London walianza 2005, foleni ikaisha.

#45 Bi Kiraka
2003. Na haikuisha, ilipungua, halafu baada ya miaka ikarudi kwa sehemu. Singapore ndiyo iliyowatangulia wote, 1975. Stockholm walijaribu 2006, magari ya kuvuka mpaka wa tozo yakapungua kama asilimia 20, wakaifanya ya kudumu 2007.

#46 Kona Kali
Kwa nini kila nikiandika kitu mnanirekebisha?

#47 Mzee wa Gia
Kwa sababu kila ukiandika kitu...

#48 Msimamizi
Tozo na Kona Kali mfungulie uzi wake. Hapa mtu anahama baada ya wiki tano.

#49 Mshika Bomba
Msimamizi, tozo iko ndani ya mada. Mji ukiweka tozo baada ya yeye kupanga C, bajeti yake inabadilika, na basi letu linapata nafasi barabarani. Aulize kama mji una mpango huo. Nimemaliza.

#50 Mtoka Mapema
Ninyi wote mnahangaika na wapi. Jibu ni lini. Nakaa mbali kuliko C. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, nafika baada ya dakika 28, naegesha kwenye kivuli, nasoma gazeti, naanza kazi. Jirani yangu anatoka saa kumi na mbili na nusu, anatumia saa moja na dakika kumi. Njia ile ile.

#51 Tabaka la Lami
Hiyo ndiyo mchumi William Vickrey aliiandika 1969, habari ya barabara yenye sehemu finyu: kila mmoja anachagua kati ya kusubiri kwenye foleni na kufika wakati asioutaka. Aliyefika mapema sana amelipa pia, ila amelipa kwa usingizi. (Vickrey alitangazwa mshindi wa Nobel Oktoba 1996 akafariki siku tatu baadaye. Hakuna uhusiano na foleni, nimekumbuka tu.)

#52 Dada Hesabu
@Mtoka Mapema unalala saa ngapi?

#53 Mtoka Mapema
Saa mbili usiku.

#54 Dada Hesabu
Watoto unawaona lini?

#55 Mtoka Mapema
Jumamosi. Nimeelewa unakokwenda, tusifike huko.

#56 Kunguru Mweupe
Mgeni, ushauri wa vitendo. Programu ya ramani ina sehemu ya kuweka muda wa kuondoka au wa kufika. Weka Jumanne saa moja asubuhi, usitazame ya saa hii uliyokaa kwenye kochi. Itakupa kuanzia dakika fulani hadi fulani. Chukua ile ya juu. Halafu nenda mwenyewe, na usiende wakati shule zimefungwa. Mimi niliangalia nyumba likizoni. Shule zilipofunguliwa nilidhani kuna mgeni wa serikali amekuja, kumbe ndiyo kawaida.

#57 Mzee wa Gia
Na siku ya mvua. Barabara nzuri kiangazi, mvua ikinyesha unaikuta ina siri zake.

#58 Mtu wa Ghorofani
Na ukishahamia usigande na njia moja. Februari 2014 kulikuwa na mgomo wa treni za chini ya ardhi London, vituo vingi vikafungwa, watu wakalazimika kutafuta njia nyingine. Mgomo ulipoisha, kama asilimia 5 ya wasafiri hawakurudi kwenye njia zao za zamani. Walikuwa wakipita njia mbaya kwa mazoea tu.

#59 Baba Trela
Asilimia 95 walirudi, kwa hiyo walikuwa sahihi tangu mwanzo. Takwimu mnazigeuza kama chapati.

#60 Mgeni Njiani
Wakuu, mrejesho. Niliomba ruhusa nikaenda siku mbili, Jumanne na Jumatano. Nikakodi gari.

B, Jumanne: asubuhi niliondoka nje ya nyumba saa moja kamili, nikafika dakika 41. Kati ya hizo dakika 22 ni za daraja. Kurudi jioni, 26.

C, Jumatano: asubuhi dakika 38, na kweli jua lilikuwa usoni (Baba Trela nimekukumbuka kwa maneno mabaya). Jioni dakika 71. Lori lilikuwa limekatika ekseli kwenye eneo lile lile linalopanuliwa, wamebakisha leni moja.

A: nilisimama chini ya dirisha saa nne usiku. Pikipiki hazilali.

Mke nilimpigia simu nikiwa ndani ya zile dakika 71. Akasema, "mbona unaongea na mimi vizuri hivi, kumbe foleni inakusaidia". Bado anaitaka C. Kuna kampuni ipo upande huo imemwita usaili wiki ijayo.

#61 Dada Hesabu
Siku mbili ni chache, hasa C ambayo umeipima siku ya ajali. Wala usiitupe hiyo 71 ukisema ni bahati mbaya. Upanuzi ukiendelea miezi, malori na leni moja ndiyo hali yenyewe.

#62 Bi Kiraka
Usaili wa mkeo ukitiki, C inakuwa karibu na kazi pia. Ya nani, ndilo swali.

#63 Baba Trela
Panga C miezi sita, usisaini mwaka. Kazi mpya nusu ya watu wanaziacha kabla ya nyumba.

#64 Sio Mimi
"Nusu ya watu" umeipata wapi?

#65 Baba Trela
Kwenye kioo.

#66 Mgeni Njiani
Mwenye nyumba wa C anataka mwaka mzima. Wa B anakubali miezi sita. Wa A hapokei simu. Ijumaa naenda tena, nitaondoka ofisini saa kumi na moja kamili nione Ijumaa inafananaje.

#67 Mama Pacha
Mgeni, kuna kitu hujakisema tangu juzi. Ulipotoka C asubuhi, mtaa wenyewe una malango mangapi ya kutokea?

#68 Mgeni Njiani
Moja.